Maganda Ndani ya Ukuta wa Friji

"Esta, umeshika ukuta?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amepiga magoti kitandani kwa Yona, sindano tayari mkononi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia ndani. Nilikuwa nimetoka mbio kibandani, kiganja changu bado kimelowa.

"Nimeshika, mama. Baridi. Baridi mpaka nje."

Mama akashusha pumzi. Akavuta dawa kutoka kwenye kichupa, akamgeuza mdogo wangu, akamchoma pajani. Yona alikuwa na kawaida ya kulia kidogo akichomwa, kilio cha kudeka tu, ili nimpe pole na kumpulizia pale palipochomwa. Siku hiyo hata uso hakuukunja. Alikuwa anahema kwa nguvu kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo, na pumzi zake zilinuka ndizi mbivu zilizopitiliza. Mimi nikadhani kuna mtu kampa ndizi kwa siri. Nikanuna. Nikajiambia, huyu kwa sababu mgonjwa basi kila kitu anapewa yeye. Hayo ndiyo niliyokuwa nawaza wakati mdogo wangu anakata roho. Chai ilikuwa jikoni haijachemka.

Niseme mapema, ili msomaji asije akahangaika: dawa ile ilikuwa imeshaharibika. Iliharibikia ndani ya friji, friji lenyewe likiwa baridi kiasi kwamba ukilishika kwa nje unatetemeka. Na aliyekuwa amepewa kazi ya kulishika kila asubuhi na kuleta habari ni mimi. Nimeishi na kiganja hiki mpaka leo nina wajukuu.

Sisi asili yetu ni Igamba, kwenye kahawa. Baba alipofariki, mama alibaki na shamba lake la mibuni na watoto wawili, mimi na Yona. Yona alikuwa na kisukari, kile cha watoto, cha kuchomwa sindano kila siku ya Mungu. Siku hizo ugonjwa huo kwa mtoto ulikuwa kitu cha ajabu. Watu walikuwa wanatuuliza, mlimpa sukari nyingi kiasi gani? Mama alihamia Tunduma kwa sababu dawa wakati mwingine ilikosekana upande wetu na kupatikana ng'ambo, hivyo akataka kukaa karibu na mpaka. Akapanga vyumba, akafungua kibanda cha mabati mbele ya nyumba, anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori. Shamba akaliacha chini ya uangalizi wa mdogo wake baba, Lameki. Nalitaja jina hilo kwa makusudi. Mtalisikia sana.

Dawa ya Yona mama alikuwa anaitunza kwenye mtungi. Mtungi mkubwa wa udongo, ndani yake mchanga uliolowa, katikati ya mchanga chungu kidogo, ndani ya chungu vichupa vimefungwa kitambaa. Kila jioni anaunyunyizia maji. Muuguzi mmoja mzee wa hospitali ya huko milimani ndiye aliyemfundisha. Ule mtungi ulikaa kona ya chumba penye giza, na nikipita karibu nilisikia harufu ya udongo mbichi kama mvua ya kwanza. Ukiingiza mkono ndani unakuta ubaridi mpole, kama ubaridi wa shavu la mtu aliyetoka kunawa. Yona aliishi na mtungi ule miaka yote, akakua, akapoteza meno ya utoto, akaanza shule. Alikuwa mtundu kuliko mimi.

Sasa siku moja Baba mdogo Lameki akatutembelea kutoka Igamba. Alikuwa mtu wa maneno matamu, koti begani, viatu vinang'aa. Akauona mtungi. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji! Dawa ya hospitali kwenye chungu cha bibi? Hii ni dawa au ni pombe mnachachusha?"

Mama akaona haya. Nilimwona jinsi alivyovuta kanga na kuusogelea mtungi, kama anamfunika mtu aliye uchi. Akasema, "Lakini inafanya kazi, shemeji. Mtoto si huyo unamwona?"

"Inafanya kazi kwa bahati. Bahati ikiisha? Kaka yangu angekuwa hai angekubali?" Akageuka kwa Yona. "Eti mzee mwenzangu, hutaki friji kama la mzungu?"

Yona, angesema nini? Alisema anataka hata mawili.

Basi mama akakubali. Kahawa yetu yote ya msimu ule, ile iliyokuwa inangoja kukobolewa kule Igamba, ikaenda kwa Lameki, yeye atuletee friji kutoka ng'ambo. Sitaki kuhesabu ilikuwa na thamani gani. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba kahawa ilikuwa yetu, na ilikobolewa chini ya usimamizi wake, na maganda yake yakabaki mikononi mwake. Mtaona kwa nini.

Friji likaja juu ya mkokoteni, limefungwa kamba kama ng'ombe. Kubwa, jeupe, mlango mzito wenye mpini wa chuma. Watoto wa mtaa mzima walilisindikiza. Fundi aliyelishusha alikuwa Simbeye, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, naye ndiye aliyekuwa amelikarabati. Ubavuni palikuwa na bati jipya lililopigwa misumari ya ribiti, na Lameki akampa mama maelezo palepale: panya walikuwa wamekula sponji la ndani ya ukuta, lakini hofu ondoa, Simbeye amelitoa lote na kuweka sponji jipya kabisa.

"Shemeji, siri ya friji ni ukuta," alisema. "Umeme ni mgeni, anakuja na kuondoka. Ukuta ndio mwenyeji. Hapa hata umeme ukilala huko kwao, ubaridi haupati njia ya kutoka."

Maneno mazuri. Mpaka leo sijapata mtu aliyeeleza friji vizuri kuliko yule mwongo.

Likawekwa kibandani, kwa sababu umeme ulifika pale tu, na mama alitaka pia kuuza barafu na soda. Kibanda chenyewe mabati matupu, upande wa magharibi hauna kivuli. Lakini kabla ya kuliwasha, Simbeye alisema lazima alipime. Mama alikuwa ameenda sokoni. Nilibaki mimi, Yona, Lameki na fundi. Ninaikumbuka siku hiyo kuliko siku niliyoolewa.

Simbeye alikuja na pande la barafu ndani ya gunia, alilipata kwa muuza samaki. Akalipasua kwa nyundo, akajaza mabakuli mawili ya bati yanayofanana. Bakuli moja akaliweka ndani ya friji, lisilo na umeme, akafunga mlango. Lingine akaliacha nje juu ya benchi. "Sasa tunangoja," akaniambia. "Joto ni mwizi. Tunataka kujua linaingia kiasi gani." Akajilaza kivulini, kofia usoni. Mimi na Yona tukakaa kulinda bakuli la nje. Tulitazama barafu inavyogeuka jicho la kioo, inavyopungua pembe, inavyoelea. Yona alikuwa anaisogelea na kuitisha: "We barafu, ukiyeyuka nakupiga."

Jua lilipoanza kugonga ubavu wa kibanda, Simbeye akaamka, akafungua mlango, akatoa bakuli la ndani, akaliweka kando ya lile la nje. Yote mawili yalikuwa maji. Kipande kidogo tu kama pipi kilikuwa kinaelea katika lile la ndani.

Nikaruka juu. "Yamelingana! Yamelingana!"

Maana shuleni hesabu zikilingana ndiyo umepata. Nilipiga makofi, na Yona akapiga kwa kuniiga. Simbeye alinitazama, halafu akamtazama Lameki, kisha akainua nyusi. Lameki akacheka kidogo kwa pua. Akasema, "Mtoto ameshasema yamelingana. Funga kazi." Simbeye akabaki ameshika bakuli. Lameki akamwambia tena, kwa sauti ya chini sasa, "Funga kazi, fundi. Kule ng'ambo wananisubiri."

Hapo Simbeye akanipa lile bakuli la ndani. "Kunywa, binti yangu. Maji matamu hayo." Nikanywa. Nikampa na Yona. Maji yalikuwa baridi, yana harufu ya samaki kwa mbali, na tulicheka kwa jinsi yalivyotuuma meno. Mama aliporudi akakuta mabakuli makavu, friji linanguruma, na watu wawili wazima wanamwambia limepimwa, liko sawa. Ushahidi ulikuwa tumboni mwetu, mimi na marehemu.

Basi likawa friji maarufu. Kitu kilichowashangaza watu ni kwamba likiwa linafanya kazi, kuta zake za nje zilikuwa baridi. Kila asubuhi lilikuwa limeota jasho, matone yanateremka mpaka sakafuni, mama anatandika gunia chini. Sisi tulidhani hizo ni nguvu. Akina mama kutoka ng'ambo waliokuja kununua barafu walikuwa wanaweka viganja ubavuni na kuguna, wanamwambia mama, "Ba mayo, mama yetu, hili friji si mchezo." Lameki akija anawaita wapita njia: "Shika hapo! Umeona? Baridi imejaa ndani mpaka inamwagika nje!" Na Yona alikuwa anachora kwa kidole kwenye lile jasho. Siku zote malori. Lori, na nyuma yake lori, na nyuma yake lori, foleni ya mpakani, mpaka mwisho wa ukuta. Jua likipanda malori yanafutika, kesho anachora mengine.

Leo nauza samaki wa barafu sokoni, na ninajua kinyume chake. Ukuta wa friji ukiwa mzima, nje unakuwa na joto la chumba, kavu kabisa, hujui hata kama ndani kuna baridi. Ukiona unatoa jasho, ujue hakuna kitu katikati. Pale ubaridi unapofika nje, ndipo joto linapoingia ndani, njia ni hiyohiyo moja. Mtoto yeyote anayesaidia kazi kwenye friji za samaki anajua hilo. Lakini sisi tulikuwa watu wa mtungi.

Mama akanipa kazi. Aliogopa kufungua mlango ovyo, Lameki alikuwa amemwonya kuwa kufungua ndiko kunakoharibu. Kwa hiyo kila asubuhi niende nikashike ukuta, nikirudi niseme. Vichupa vya akiba alivipanga ndani ya friji kwenye kopo. Kile kinachotumika alikuwa anakaa nacho chumbani, ndani ya kikombe cha maji. Mtungi ukamwagwa mchanga, ukageuzwa ukawa wa kuwekea mkaa. Nilipenda ile kazi. Nilikuwa naenda na kubandika shavu langu ukutani, kelele ya mota inaingia mpaka kwenye meno, nakimbia kurudi: "Baridi, mama!" Nilijiona muuguzi.

Kisha kukaja joto lile la kabla ya mvua, na umeme ukakatika. Kukatika si kitu, tulizoea. Safari hii haukurudi siku hiyo, wala kesho yake, wala iliyofuata. Watu walisema nguzo zimeanguka huko mbele. Mama akaingiwa na wasiwasi. Bahati mbaya siku hizo Lameki alikuwa hapohapo Tunduma kwa mambo yake, mama akamuuliza.

"Shemeji, nizitoe dawa nizirudishe kwenye mtungi?"

"Uzitoe uziweke kwenye mkaa?" akamcheka. "Shemeji, nimekwambia nini kuhusu ukuta? Usifungue. Ukifungua ndiyo unaliingiza joto. Liache limejifunga, umeme utakuta kila kitu kama kilivyokuwa."

Mama akamtii. Mjane atabishana na shemeji yake aliyemletea friji? Na mimi asubuhi nilishika ukuta nikasema, mama, leo si baridi. Akanijibu, "Baba yako mdogo amesema baridi imebaki ndani." Kumbe na yeye alikuwa anajituliza tu.

Alasiri moja Yona alikuwa ametoka shule, ana kiu. Mama alikuwa amefuata maji. Yona akasema, "Dada, nipatie kipande cha barafu, kidogo tu, nilambe." Nikasema mama amekataza. Akasema, "Kidogo kama kucha." Kibanda kilikuwa kinawaka, bati la ubavu wa friji nilipoligusa niliondoa mkono haraka. Nikavuta mpini. Nikafungua.

Nilipigwa na mvuke usoni. Joto lilitoka mle kama unapofunua sufuria ya makande, na harufu nzito, ya uchachu, ya kitu kilicholowa kikavundikwa. Sikuielewa. Kwenye bakuli la barafu palikuwa na maji ya uvuguvugu. Nilichomoa kichupa kimoja cha dawa, kilikuwa na moto kama yai lililotoka chini ya kuku. Nikakirudisha. Nikafunga. Na nilipogeuka, Lameki alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda.

"Ulifungua?"

"Yona alitaka barafu, baba."

Akaja, akafungua mwenyewe kidogo, akaweka mkono, akafunga. Nilimwona usoni. Nilikuwa mtoto, lakini uso wa mtu aliyeshtuka niliujua. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akaniweka mikono mabegani, akasema polepole, kama mtu anayenisaidia, "Unaona ulichofanya? Umeliingiza joto. Sasa mama yako akijua atakufanya nini? Mimi sitasema. Na wewe usiseme. Umeme ukirudi litapoa."

Nikaapa kwa jina la baba. Umeme ukarudi kesho yake, friji likanguruma, ukuta ukaota jasho, Yona akachora malori. Vichupa vilipoa, ukivitazama maji meupe maangavu vilevile, huwezi kujua. Kile kichupa cha chumbani kilipoisha, mama akaanza kuchukua vya kwenye friji. Yona akaanza kunywa maji bila kukata kiu. Akaanza kukojoa kitandani, naye alikuwa ameshaacha zamani, nikamtania, "Mzee mwenzangu umerudi uchanga?" Mama akadhani dawa haitoshi, akaongeza. Akaongeza tena. Na kila asubuhi aliniuliza, na kila asubuhi nilimjibu kweli tupu: baridi, mama, mpaka nje. Sikuwahi kudanganya kuhusu ule ukuta. Nilinyamaza kuhusu mlango tu. Asubuhi ile ya mwisho mama alikuwa ameshatuma mtu kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Gari lilipofika likatukuta tunalia.

Msibani, watu wamekaa kwenye majamvi, akina mama wakauliza ilikuwaje, si alikuwa anaendelea vizuri? Lameki akasimama. Alisema kwa huruma kubwa, macho yamelowa. "Jamani, tusimlaumu mtu. Mtoto ni mtoto. Esta alicheza na mlango wa friji wakati hakuna umeme, joto likaingia kwenye dawa. Tusimpige. Tumsamehe."

Hakuna aliyenipiga. Bora wangenipiga. Mama aligeuka akanitazama, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, kisha akageukia ukutani. Hakuniuliza. Mpaka anaingia kaburini mwaka jana hakuniuliza. Ila tangu siku ile, kila mlango niliofunga mimi, yeye alinyanyuka akaenda kuusukuma tena. Mlango wa kabati. Mlango wa choo. Nimeshaolewa, nimezaa, nimekuja kumsalimia na watoto wangu, nafunga mlango wa sebule, nasikia kiti kinalia nyuma yangu, mama anakwenda kuusukuma. Nadhani alikuwa hajui kama anafanya hivyo. Shule niliacha darasa la nne, kwa sababu dawati langu lilikuwa karibu na mlango na watoto walikuwa wananiita mfungua friji.

Friji Lameki alilirudisha kwake Igamba, akisema mama asiwe anaumia kuliona. Lilipokufa kabisa likawa sehemu ya kuku kutagia.

Mwaka huu nilikwenda Igamba kuangalia mibuni ya mama. Nikapita kwa Baba mdogo, mzee sasa, ana fimbo, kanisani wanampa kiti cha mbele. Wajukuu wake walikuwa wanalikata lile friji kwa shoka, wauze chuma chakavu. Shoka likaingia ubavuni, penye bati la ribiti, bati likafunguka kama tumbo la samaki.

Yakamwagika maganda ya kahawa. Meusi, yameshikamana kama mboji, yamejaa mashimo ya wadudu. Hakuna sponji hata la kuoshea chombo. Na ile harufu, uchachu uleule uliovundikwa, ikanipiga usoni, nikajikuta nimeinua mkono kufunga mlango ambao haupo. Maganda makavu huzuia joto, wazee wetu walijua. Lakini ubavu ule haukuzibwa popote. Unyevu uliingia siku zote, yakalowa, na ganda lililolowa ni sawa na kuweka tambara la maji katikati ya mabati mawili. Yalikuwa maganda ya msimu ule. Ya kahawa yetu. Alichukua kahawa ya mjane akauza, na takataka yake akaijaza ukutani akamrudishia.

"Baba mdogo," nikamwita. "Haya ni nini?"

Akatazama. "Maganda."

"Si ulisema sponji jipya?"

"Aa, mwanangu, fundi ndiye alijua. Mimi ni fundi?"

"Ulikuwepo akipima barafu. Ulisema funga kazi."

Akachora chini kwa fimbo. "Mambo ya zamani hayo. Yona Mungu alimpenda zaidi. Na wewe tulishakusamehe, Esta."

Tulishakusamehe! Alinisamehe mimi, mbele ya maganda yake.

Nilimtafuta Simbeye. Yupo Tunduma, macho hayaoni vizuri, anauza vipuri nje ya nyumba ya mwanawe. Hakukataa hata kidogo. Alisema, "Nilimwambia Lameki ukuta unapitisha joto. Akasema weka chochote kilichopo, mwanamke yule hajui. Akaniletea gunia la maganda." Nikamuuliza, na mabakuli? Akainamisha kichwa. "Nilikupa maji yale kwa sababu sikujua niyamwage wapi." Nikaondoka bila kumuaga. Na wewe Simbeye nakutaja. Ulijua, ukanyamaza, ukavaa kofia yako ukaenda.

Sijasema mimi ni msafi. Nilifungua mlango niliokatazwa. Nilikiona kichupa kina moto nikafunga mdomo, na mama alikuwa ameshafika na maji, yuko hatua chache tu anatua ndoo. Ningesema, angezimwaga zile dawa siku hiyohiyo, angevuka ng'ambo hata kwa kuomba lifti kwenye malori. Hilo halitoki kwangu, na sitaki mtu aniambie nilikuwa mtoto. Yona naye alikuwa mtoto.

Lakini nimeifikiria ile alasiri kibandani miaka yote, na nilikosa akili ya kuona kitu kimoja mpaka lile shoka. Nilipovuta mpini, joto lilinikuta usoni. Lilikuwa limeshakaa mle ndani, limeshakunywa barafu yote, limeshapika vichupa, ndipo mimi nikaja. Lilifika kabla yangu.

Kwa hiyo Lameki, baba yangu mdogo, ukoo tunakutana Igamba kuondoa tanga la mama. Nimekusanya yale maganda, yako kwenye gunia, nitayaweka katikati ya watu. Kiti cha mbele utapewa, kama kawaida yako. Simama kama ulivyosimama msibani kwa Yona, na sauti yako ileile nzuri, uwaambie: kama ni Esta aliyeingiza joto kwa mlango, lile lililomngojea ndani liliingizwa na nani?